Jibu: Kwa nini Desemba ni mwezi wa 12 ilhali jina lake ni "kumi"

Ndugu, umeuliza imekuwaje Desemba, linalotokana na neno la Kilatini decem, yaani kumi, liwe jina la mwezi wa 12. Ni kwa sababu kalenda ya kale ya Warumi ilianzia Machi. Hesabu kutoka hapo: Septemba ni wa saba, Oktoba wa nane, Novemba wa tisa, Desemba wa kumi. Baadaye mwanzo wa mwaka ukahamia Januari. Kuanzia 153 KK makonsuli, viongozi wakuu wa Roma, walishika madaraka tarehe 1 Januari. Majina ya miezi hiyo minne hayakuguswa.

Mwenzetu aliyesema Julai na Agosti zilipachikwa katikati zikaisukuma miezi mingine, naomba nimsahihishe kwa heshima, maana kosa hili limeenea mno. Miezi hiyo ilikuwepo tangu zamani, ikiitwa Quintilis na Sextilis, yaani wa tano na wa sita. Wa kwanza ulipewa jina la Julius Caesar mwaka 44 KK, na wa pili la Augustus mwaka 8 KK.