Riseksheni ya hospitali na ya masevea
Kaka, riseksheni uliyoiona kwenye karatasi ya mzee ya hospitali ni kukata na kutoa sehemu ya kiungo, si lazima chote, mfano utumbo wenye uvimbe wanatoa kipande kibovu halafu zile ncha mbili wanaziunganisha. Neno lenyewe Kilatini, resecare, kukata na kuondoa. Na huyo rafiki yako sevea (mpima ardhi) anayesema riseksheni ni neno la kazi yao hakudanganyi, kwao ni kusimama na mashine ya kupimia pembe kwenye pointi usiyoijua, unalenga bikoni tatu (alama za upimaji) ambazo zilipo unapajua, pembe kati yake ndo zinakupa ulipo, mwanahisabati Snellius wa Uholanzi alishaitoa hesabu hiyo 1617. Ila ukisimama kwenye duara linalopita bikoni zote tatu imekula kwako, jibu hupati. Kwa mzee, muulizeni daktari anakata wapi na kiasi gani.