Muulize Mjomba: Mgeni akifungua chaneli yako anakutana na nini?

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa Mikindani. Tangu mwaka jana namrekodi bibi yangu kwa simu akipika, naziweka YouTube. Video zimefika 31. Jina la chaneli nimekuandikia pembeni, naomba usilitaje gazetini. Shida yangu ni hii: video ya kubangua korosho ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wengi wakaingia kwenye ukurasa wangu, lakini waliojisajili hawakufika hata kumi. Walichungulia wakaondoka. Kaka yangu ananiambia ninunue kamera. Rafiki yangu anasema nimlipe fundi anitengenezee nembo inayozunguka na muziki. Hela niliyonayo ni kidogo, sitaki kuitupa. Nianzie wapi? Halafu kuna video 6 za zamani, za harusi ya binamu na mpira wa mtaani. Nizifute?

Msomaji, Mikindani

JIBU

Marahaba mpwa wangu. Kamera iache dukani, na fundi wa nembo mwambie asante. Nimezitazama video zako zote na nakuambia kwa moyo mweupe: upishi upo, bibi yupo, sauti inasikika. Kinachowakimbiza wageni ni mlango wako.

Kabla ya kukujibu nilifanya jambo moja. Jumamosi nilikuwa nasubiri kivuko cha kwenda Msangamkuu, na pembeni yangu aliketi mama mmoja na ndoo yake ya dagaa. Nikamwomba radhi, nikamfungulia ukurasa wako kwenye simu yangu, nikamuuliza: mama, hawa wanafanya nini? Akaishika simu kwa mikono miwili. Kidole gumba kikapandisha, kikashusha, kikapandisha tena. Akanirudishia akasema, "Waimbaji hawa. Taarabu."

Nilipoitazama tena kwa macho yake nikaona hana kosa. Bango lako la juu ni machweo ya ghuba ya Mikindani na jahazi, na jina limeandikwa kwa herufi za kujipinda kama za kadi ya mwaliko. Chini yake video ya kwanza ni harusi. Hapana sufuria, hapana samaki, hapana moshi. Wewe unajua kwamba ukishuka chini kidogo yupo bibi na mchuzi wa pweza, lakini yule mama hajui, na hana sababu ya kushuka.

Mimi nimeishi kwa kupiga picha hapa Mtwara mjini tangu enzi za filamu. Studio yangu ya kwanza nilitundika ukutani picha nilizozipenda: bahari, minazi, watoto wakiogelea. Watu wakawa wanaingia kuulizia kalenda. Nilipozishusha nikatundika bibi harusi mmoja, familia moja na safu ya picha za pasipoti, maulizo ya kalenda yakaisha siku hiyo hiyo. Ukuta wako ni huo ukurasa.

Basi anza na video ya kumkaribisha mgeni, maana hapo ndipo penye faida kubwa na hutatoa hata shilingi. YouTube inakuruhusu kuweka video moja juu ya ukurasa kwa ajili ya watu ambao hawajajisajili, na nyingine tofauti kwa waliokwisha kujisajili. Wewe hukuchagua yoyote. Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, hata ya kukodi kwa nusu saa pale stesheneri, uingie sehemu ya kurekebisha chaneli, utaikuta.

Sasa uweke nini hapo? Usijirekodi umekaa ukijieleza. Kwenye video yako ya korosho, mnamo dakika ya 4, bibi amekwisha kuzikaanga korosho juu ya kipande cha debe mpaka zimekuwa nyeusi, amejipaka majivu viganjani ili mafuta ya maganda yasimchome, ameshika moja kwa ncha za vidole juu ya jiwe. Anaigonga mara moja. Ta! Ganda linapasuka pande mbili na kiini kinatoka kizima, hakina hata mkwaruzo. Bibi hacheki wala haangalii kamera, anachukua nyingine. Mpwa wangu, mimi nimezaliwa kwenye mikorosho, nimebangua na nimeungua vidole, na bado niliirudisha ile sehemu mara tatu. Na umeificha dakika ya 4! Kabla yake kuna jina linaloruka, muziki, kisha wewe unawaomba watu walaiki na kusheya kitu ambacho hawajakiona.

Chukua lile pigo moja la jiwe liwe mwanzo. Sekunde 5 za korosho. Kisha sekunde 5 za bibi akikamua tui, 5 za pweza akigeuzwa kwenye sufuria, 5 za ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ikitoka kwenye maji ya moto. Ndipo sauti yako iingie, bila haraka: "Huyu ni bibi yangu. Tunapika Mikindani, mapishi ya pwani ya kusini, na kila Ijumaa tunaweka pishi moja." Yote isizidi dakika moja. Ila hiyo Ijumaa usiitaje kama huna hakika nayo. Sema "kila mwezi" ikiwa ndiyo unayoiweza.

Bango nalo. Kipimo kinachofaa ni pikseli 2560 kwa 1440, na faili lisizidi megabaiti 6. Lakini picha hiyo yote huonekana kwenye runinga tu. Kompyuta inaonyesha ukanda wa kati, simu inakata zaidi, na watazamaji wako karibu wote wamo kwenye simu. Kila neno unalotaka lisomeke liweke katikati kabisa, ndani ya kisanduku cha 1546 kwa 423. Wewe jina umelipeleka kushoto, kwa hiyo kwenye simu yangu herufi mbili za mwanzo zimemezwa, na namba ya simu iliyo kulia haionekani kabisa. Hiyo namba iondoe, ni yako binafsi na hapo haikusaidii. Weka picha ya mikono ya bibi na ule mwiko wake, jina kwa herufi nene zilizonyooka, na maneno machache chini yake: mapishi ya pwani ya kusini. Ghuba ni nzuri, naipenda kama wewe, ila ghuba haituambii kwamba hapa kunapikwa.

Ile picha ndogo ya mviringo imebeba chungu, jahazi, korosho na ramani ya Tanzania kwa pamoja. Unaipakia ikiwa ya mraba, pikseli 800 kwa 800, YouTube inaikata pembe kuwa duara, halafu inaonekana ndogo kama kitufe cha shati. Humo kinaingia kitu kimoja tu. Mimi ningeweka uso wa bibi na kilemba chake. Lakini umuombe kwanza, na umweleze vizuri kwamba watu wa mbali asiowajua watauona uso wake kila siku, si familia tu. Akisita, usimbembeleze. Korosho moja kwenye kiganja inatosha.

Vijipicha vya video, vile anavyoviona mtu kabla ya kubonyeza, ndivyo vilivyoniumiza kidogo, kwa sababu najua ulivihangaikia. Mishale myekundu, maandishi ya njano, "USIPITWE", "SIRI IMEFICHUKA". Bibi hafichi siri, anapika. Mtu aliyeingia kwa sababu ya utulivu wa yule mzee anafika mlangoni anapigiwa kelele. Rudia vile vya video 8 zilizotazamwa zaidi, vingine utavirekebisha taratibu. Kipimo ni 1280 kwa 720, na ili upakie chako mwenyewe ni lazima uwe umethibitisha akaunti kwa namba ya simu. Chakula kiwe karibu hadi kijaze picha, maneno mawili au matatu: PWEZA WA NAZI. Usiandike kitu kwenye kona ya chini kulia, maana YouTube hubandika hapo urefu wa video na neno lako litafunikwa. Kisha punguza picha kwenye simu hadi iwe kama kiberiti. Kama huwezi kutofautisha pweza na kuku, ipige upya karibu na mlango wa jiko, asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavuni.

Maelezo ya chaneli yanaruhusu herufi 1000, lakini kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza ni mstari wa mwanzo tu. Wako unasema: "Karibuni sana kwenye chaneli yetu pendwa, usisahau kubonyeza kengele." Ningeandika: "Bibi na mjukuu wake wa Mikindani wanapika vyakula vya Mtwara na Lindi: samaki, nazi, korosho, ming'oko." Hapo hata mtu wa Mwanza asiyejua ming'oko ni nini atataka kuuliza, nawe una video ya kumjibu.

Kwa safu za ukurasa, yaani makundi ya video yanayopangwa hapo, sina mengi. Unaruhusiwa hadi 12, wewe tumia tatu. Panga video kwenye orodha za kucheza, usizipange kwa miezi kama ulivyofanya, kwani mgeni hatafuti chakula cha Machi. Samaki na pweza pamoja, korosho na ming'oko pamoja, vitafunio pamoja. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, zipandishe juu zile za futari, na Oktoba korosho zinapoanza kuokotwa, korosho zitangulie.

Harusi na mpira usizifute. Ukifuta hairudi, na binamu yako siku moja ataitafuta ile video. Zibadilishe ziwe zisizoorodheshwa: hazitaonekana kwenye ukurasa wako, lakini mwenye kiungo ataendelea kuzitazama. Mtumie binamu kiungo chake.

Ukimaliza, usiniulize mimi, maana mimi sasa nakujua. Nenda stendi, mpe simu mtu usiyemfahamu, umuulize swali lile lile nililomuuliza yule mama. Usimsaidie kujibu.

SWALI

Mjomba, mimi ni mchongaji wa vinyago Newala. Chaneli yangu niliipa jina la utani wa shuleni, lina x mbili na namba 7. Wateja wanasema hawanipati wakitafuta. Nikibadilisha jina nitapoteza video?

Mchongaji, Newala

JIBU

Hupotezi hata moja, bwana fundi. Video, maoni na waliojisajili vinabaki palepale. YouTube inaruhusu kubadilisha jina mara mbili ndani ya siku 14, kwa hiyo usilijaribujaribu. Badilisha pia lile jina la utambulisho linaloanza na alama ya @, lililoanza kutumika mwaka 2022. Lina nafasi ya herufi 3 hadi 30, na yafaa majina hayo mawili yafanane.

Jina zuri ni lile ambalo mteja akilisikia sokoni analiandika bila kuuliza. Ningeingiza neno "mpingo" au "vinyago" ndani yake, kwa sababu hayo ndiyo anayoyatafuta mtu asiyekujua. Lakini nitumie kwanza unalolifikiria. Nitalisema kwa sauti hapa barazani, nimpe jirani simu aliandike, nikuletee alichoandika.