Niuze kahawa mlangoni au nipeleke chamani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tuna shamba dogo la kahawa huku Kalinzi, Kigoma. Mchuuzi huja na debe lake hadi mlangoni, analipa papo hapo. Mwaka juzi tulipeleka chamani, tukapewa malipo ya awali, lakini ya pili yalichelewa mpaka shule zikafunguliwa, tena yakiwa na makato tusiyoyaelewa. Baba mkwe anasema ushirika haujamtoa mtu yeyote kwenye umaskini. Isitoshe, kitabu cha chama kina jina la mume wangu ingawa mchumaji ni mimi. Nifanye nini?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Marahaba, mwanangu. Peleka chamani, ila peleka macho yakiwa wazi.

Baba mkwe wako ana sababu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, ununuzi ukashikwa na mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha, lakini biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, vingi vililemewa na madeni. Aliyeyaona hayo hasahau. Hata hivyo, chama chako kipo hapo hapo kijijini, na viongozi wake mnawachagua wenyewe.

Tuanze na debe. Nilipokuwa katibu wa chama cha msingi, mama mmoja alileta debe alilozoea kumjazia mchuuzi, lenye lumbesa juu. Tukalipima. Alipoona mizani inasimama wapi alikaa kimya, maana lile rundo la juu alikuwa akilitoa bure kila msimu. Mwambie mchuuzi apime kwa kilo, uone kama atarudi.

Kisha piga hesabu hii. Kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya maganda makavu, yaani kahawa iliyomenywa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake jembamba la ndani. Chukua bei ya mchuuzi kwa kilo ya mbivu, zidisha kwa 6, halafu linganisha na jumla ya alicholipwa mwanachama kwa kilo ya maganda msimu uliopita: ya awali, ya pili, baada ya makato yote. Wengi hulinganisha na malipo ya awali peke yake, wakaona mchuuzi ndiye mwema.

Arabika yetu ya milimani inalipwa kwa ubora, na ubora huharibikia nyumbani. Huyu anavundika usiku mmoja, jirani yake siku tatu, wote wanaanika chini kwenye turubai kuku wakipita juu yake. Kwenye mtambo wa chama hupokelewa nyekundu tupu, zinatiwa majini, zinazoelea zinatengwa, kisha zinamenywa, zinavundikwa kwa muda mmoja, zinaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Mnunuzi wa nje anataka kontena zima, kama magunia 320 ya kilo 60, yenye ladha moja. Mkulima wa miche mia tatu hafiki huko peke yake, hata awe hodari vipi.

Kinachotutesa zaidi ni miezi ya njaa kabla ya mavuno. Kagera wanaita butura: kahawa inauzwa ikingali ua mtini, kwa bei ya mwenye shida. Nimeona familia ikichuma msimu mzima kulipa gunia la mahindi. Kwa hiyo uliza kama chama chenu kinakopesha pembejeo, au kama kuna chama cha akiba na mikopo karibu. Kama hakuna, lipeleke jambo hilo mkutanoni.

Kuhusu makato, dai stakabadhi kila unapopima, uitunze. Makato yapitishwe na mkutano mkuu na yaandikwe moja moja. Taarifa ya mkaguzi isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama, mpate kuuliza. Viongozi wakikwepa, andikeni barua wengi pamoja kwa afisa ushirika wa halmashauri. Fedha iliyochelewa bila maelezo isivumiliwe.

Na hilo la kitabu limeniuma. Sheria ya ushirika ya 2013 haimzuii mke kuwa mwanachama kwa jina lake, na kila mwanachama ana kura moja, awe na miche mingi au michache. Zungumza na mume wako mgawane sehemu ya shamba, ujaze fomu yako, ulipe kiingilio na hisa, na kahawa ya sehemu hiyo ipimwe kwa jina lako. Nenda kwa katibu sasa, kabla mavuno hayajaanza.