Napika na machozi yako karibu: je, mimi si mfeministi?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 17, nasoma kidato cha tano hapa Tanga. Tuko wasichana watano tunaoazimana riwaya, na juzi tumemaliza vitabu vitatu vya kwanza vya The Hunger Games, riwaya za Suzanne Collins kuhusu vijana wanaolazimishwa kuuana kwenye mashindano. Wenzangu wanasema Katniss, msichana shujaa wa vitabu hivyo, ndiye mfeministi hasa: haogopi, halii, hana habari na jiko. Mimi machozi yako karibu, na napenda kupika. Kila Jumamosi niko jikoni, kaka zangu wawili wako kwenye tivii. Niliposema ninayempenda zaidi ni Peeta, mvulana anayeingia mashindanoni pamoja naye, walinicheka, na sasa wananiita "mama wa nyumbani". Naona haya kurudi kwenye kikao chetu. Nijitoe?*

Marahaba, mwanangu. Usijitoe. Rudi, tena uende na kitabu mkononi, maana wenzako wameusoma upinde wakamruka aliyeushika.

Waanzie kwenye jina. Katniss ni mmea wa majini wenye kiazi kinacholiwa, na baba yake alimwambia kwamba maadamu anaweza kujipata mwenyewe hatakufa njaa. Baba akafa kwenye mlipuko wa mgodi, binti ana miaka 11 tu. Mama ameganda kwa majonzi, mdogo wake Prim hana cha kula. Hapo ndipo alipoanza kwenda porini peke yake na upinde, kutafuta kitoweo. Miaka mingi kabla ya kumlenga binadamu alikuwa analenga kindi, wengine wa kula nyumbani, wengine wa kumuuzia mwoka mikate. Mtu huyu ndiye wa kuambiwa hana habari na jiko?

Na hilo la kutolia. Siku anapojitolea kwenda mashindanoni badala ya Prim, anayazuia machozi kwa sababu kamera zinamtazama, na anajua akilia ataonekana windo jepesi. Ni hesabu ya mtu aliye hatarini. Lakini Rue, yule mshindani mtoto wa miaka 12, alipochomwa mkuki, Katniss alimwimbia koo limembana kwa machozi, halafu akampamba kwa maua ili wakubwa wa Capitol, mji mkuu wa watawala, waone kwamba waliyemuua ni mtoto wa watu. Watu wa Wilaya ya 11, kwao Rue, maskini wa kutupwa, wakamtumia mkate. Mimi nikiulizwa uasi wa Panem, nchi ya hadithi hii, ulianzia wapi, naanzia kwenye maua yale.

Siwabezi wenzako. Kwa muda mrefu msichana katika hadithi za hatari alikuwa wa kungoja kuokolewa, na kitabu cha kwanza kilipotoka mwaka 2008 kikamwachia yeye silaha na uamuzi, wasichana wengi walipumua. Wanapokosea ni kudhani nguvu ya mwanamke ni kufanana na mwanamume asiyehisi kitu. Hata wanaume wa humo hawako hivyo! Peeta ni mwana wa mwoka mikate. Ustadi aliojifunza kwa kupamba keki ndio aliotumia kujipakia matope na majani kando ya mto, paja likiwa na jeraha, asionekane na waliokuwa wakimwinda. Mpende bila kuomba radhi.

Kuna jambo liliniuma niliposoma: Katniss alivyomhukumu mama yake kwa kuelemewa na majonzi. Sasa fungua kurasa za mwisho za kitabu cha tatu. Prim amekufa, Katniss amerudishwa kwao, Wilaya ya 12, amekaa tu kwenye kiti karibu na moto, amekuwa kama mama yake. Anayekuja kumpikia ni Greasy Sae, yule mama muuza supu. Wasomee wenzako sehemu hiyo kwa sauti, kisha uwaulize nani aliyemweka hai. Na aliyeanzisha lile jina, mwite pembeni kabla ya kikao, umwambie limekuumiza. Mbele ya wengine atajitetea. Mkiwa wawili huenda akasikia.

Ila barua yako ina sentensi uliyoipita haraka, na mimi nimesimama hapo hapo. Wewe unapenda kupika, vizuri. Kaka zako hakuna aliyewauliza wanapenda nini; wameachiwa tivii. Jumamosi ukiamka na homa, nani atapika? Kama jibu ni mama peke yake, basi hilo ndilo linalohitaji ufeministi wako, kuliko machozi.

Zungumza na mama kwanza, saa ya utulivu, mkiwa wawili. Usiseme unaacha kupika. Sema unataka wenzio wa kazi: mmoja akune nazi, mwingine aoshe masufuria. Akikujibu kwamba wavulana hawaingii jikoni, usipandishe sauti. Mwombe Jumamosi moja tu ya kujaribu. Akikubali, yule mkubwa mkabidhi mbuzi ya nazi.