Maswali na majibu: Vipimo vya damu na magonjwa ya kinga

ANA yangu ni 1:80. Je, figo zitaharibika? (Mafinga)
ANA ni kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili wenyewe. Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wenye afya njema ana kiwango hicho, na ANA peke yake haitabiri figo za mtu yeyote.

ESR yangu ni 60. Ni lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe? (Makambako)
Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama kwenye mrija, hupanda kwa kifua kikuu, upungufu wa damu, ujauzito na hata uzee.

Nina lupasi. Kwa nini kila kliniki napimwa C3, C4 na anti-dsDNA? (Mbeya)
Kwa sababu kingamwili za anti-dsDNA (zinazolenga DNA ya mwili wenyewe) zikipanda huku C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu) zikishuka, huenda ugonjwa unajiandaa kuamka, na mara nyingi shabaha yake ni figo. Kinachosomwa ni mwelekeo kutoka kliniki moja hadi nyingine, kwa hiyo tunza majibu ya zamani, maana wapo ambao namba zao hubaki mbaya miaka mingi bila madhara. Linaloniudhi ni wagonjwa wanaolipia vipimo hivi vya gharama kisha wakarudisha kikopo cha mkojo kikiwa kitupu, eti foleni ya choo ilikuwa ndefu. Figo huumia bila maumivu, na protini kwenye mkojo ndiyo inayoonyesha kwamba madhara yameshaanza. Ikifika nusu gramu kwa siku, daktari atafikiria kuchukua kinyama cha figo ili kipimwe.

Vidole vyangu hugeuka vyeupe kwenye baridi, ngozi inakakamaa, na Scl-70 imetoka chanya. Nitumie prednisoloni? (Njombe)
Baridi ya Njombe ya Juni na Julai humtesa kila mtu, lakini ngozi inayokakamaa pamoja na Scl-70, kingamwili ya ugonjwa uitwao skleroderma, ni onyo kwamba mapafu yanaweza kupata makovu. Omba picha ya CT ya kifua na kipimo cha nguvu ya pumzi hata kama hukohoi. Prednisoloni, dawa ya steroidi, usijinunulie dukani kabisa: katika ugonjwa huu dozi kubwa inaweza kuchochea presha ya ghafla inayoua figo, kwa hiyo presha yako ipimwe mara kwa mara.

Nina anti-Ro na nina ujauzito. Mtoto atapona? (Tukuyu)
Kwa kina mama wenye kingamwili hii, takribani watoto 2 kati ya 100 hupata hitilafu ya umeme wa moyo, nayo hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 16 na ya 26. Mweleze daktari mapema ili moyo wa mtoto uangaliwe kwa ultrasaundi, na kama unatumia dawa ya haidroksiklorokwini, usiiache kwa ushauri wa jirani.