Maswali Yenu: Baba wa kambo, mpwa mtu mzima, mjukuu na karatasi za kuasili California

Barua zote za mwezi huu zimetoka California. Majibu yanafuata sheria za jimbo hilo. Msomaji wa Texas au Minnesota atakuta fomu nyingine kabisa, ila yanayohusu uhamiaji na uraia ni ya Marekani nzima.

*Nimemuoa mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 9, tunaishi San Diego. Mimi ni raia wa Marekani, wao wana grinikadi. Baba mzazi alibaki Kigoma na simu yake ya mwisho ina zaidi ya miaka miwili. Nataka kumuasili mtoto awe mwanangu kisheria. Nijaze fomu zipi, na itakuwaje baba huyo asipopatikana?* (Baba wa kambo)

Tuanze na fomu, maana hizo ndizo nyepesi. Ombi lenyewe ni ADOPT-200. ADOPT-210 ni makubaliano, na ADOPT-215 ni amri ambayo jaji ataisaini. Unaijaza wewe na kumwachia nafasi yake. Pamoja na ombi hupelekwa ICWA-010(A) na ICWA-020, zinazouliza kama mtoto ni "Indian". Hapa watu wetu wengi huchanganyikiwa: fomu haiulizi habari za Wahindi, inauliza kama mtoto ana nasaba na makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mtoto aliyezaliwa Kigoma naye anajaziwa. Ukiziruka kwa kuona hazikuhusu, karani au mpelelezi wa mahakama, yule anayechunguza familia kabla ya amri kutolewa, atakurudisha nyuma.

ADOPT-210 usiisaini nyumbani. Ijaze, iache bila saini, uje nayo siku ya kusikilizwa. Inasainiwa mbele ya jaji. Mtoto aliyetimiza miaka 12 lazima naye aridhie, wako bado.

Angalia majina kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Waliopitia kambi za wakimbizi mara nyingi wana tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, jina la babu limegeuka la ukoo, na mahali pa jina la kwanza pameandikwa FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani). Jina la sasa la mtoto kwenye ADOPT-200 liandikwe kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na majina mengine yote anayotumia, ya grinikadi na ya shule, yatajwe kuwa ni ya mtu huyohuyo. Tofauti ya herufi moja leo itakusumbua kwenye ofisi ya pasipoti baadaye. Cheti au karatasi ya talaka iliyoandikwa Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa kwa kiapo na mtafsiri mwenye sifa. Mama asiitafsiri mwenyewe.

Ada ya kufungua ombi la baba wa kambo ni dola 20. Gharama ya upelelezi ni kitu kingine: sheria inaruhusu mtozwe hadi dola 700, na mahakama inaweza kuipunguza, kuiahirisha au kuifuta mkionyesha kipato chenu. Peleka ombi halisi na nakala mbili, karani agonge mhuri zote.

Sasa baba mzazi, na hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama. Akikubali, anasaini ridhaa, na akishasaini hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Kama amefariki, leta cheti cha kifo. Asipopatikana, kifungu cha 8604 cha Sheria ya Familia kinamruhusu mama mwenye malezi ya mtoto, kwa amri ya mahakama au kwa makubaliano, kuridhia peke yake. Hilo ni pale mzazi mwenzake alipokaa mwaka 1 bila kuwasiliana na mtoto na bila kutoa matunzo ingawa uwezo anao, na kwa kukusudia. Yote hayo lazima yathibitishwe. Salamu moja ya Idi kwa WhatsApp au M-Pesa ya mara moja jaji anaweza kuihesabu kuwa ya kujionyesha tu. Lakini kama mama alibadilisha namba na kumzuia kwenye simu, kukusudia kwa baba kunakuwa kugumu kuthibitisha. Andikeni maelezo yenye tarehe: lini alipiga, lini alituma, kiasi gani, na nani alijaribu kumtafuta.

Hata hivyo lazima apelekewe hati ya wito ya kumwita mahakamani. "Hatujui alipo" haitoshi. Mahakama inataka kiapo cha juhudi zilizofanyika: mliwapigia ndugu gani, siku gani, walijibu nini, mliandika kwenye anwani ipi, mlitafuta kwenye mitandao kwa majina yapi. Jaji akiridhika ndipo huruhusu wito utangazwe gazetini. Kama mnajua shangazi yake yuko Ujiji na hamkumpigia, msiseme mmetafuta. Amri iliyopatikana bila baba kuarifiwa ipasavyo inaweza kuja kupingwa, na anayeumia ni mtoto.

Jambo la mwisho ni uraia. Tangu Februari 27, 2001, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grinikadi anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake aliye raia hupata uraia moja kwa moja. Mtoto wa kambo hayumo humo mpaka aasiliwe, na uasili uwe kabla hajatimiza miaka 16, pamoja na miaka 2 ya kuishi pamoja na miaka 2 ya malezi ya kisheria. Muda mliokwisha kuishi naye unahesabiwa. Malezi ya kisheria huhesabiwa tangu amri ya mahakama. Kwa wa miaka 9 mna nafasi. Mwenye wa miaka 15 aanze wiki hii.

*Kijana wa dada yangu ana miaka 20, yuko Oakland kwa viza ya masomo. Nikimuasili atapata grinikadi kupitia kwangu?* (Mjomba)

Hapati. Kwa uhamiaji, uasili unaotambuliwa ni ule wa kabla ya miaka 16, au kabla ya 18 kama ndugu yake wa damu aliasiliwa na mtu huyohuyo kabla ya 16. Anayekuahidi njia nyingine kwa mtu wa miaka 20 anakula pesa yako.

Kumuasili kwa sababu nyingine inawezekana, na ni rahisi: makubaliano ya maandishi kati yenu wawili, ombi kwa mahakama ya kaunti mnakoishi, kisha nyote kufika mbele ya jaji. Ridhaa ya maandishi ya mkeo inahitajika, na ya mke wake kama ameoa. Ridhaa ya dada yako haihitajiki, lakini amri ikitoka yeye si mzazi wake tena kwa sheria ya California, kwa hiyo aambiwe mapema asije akayasikia msibani. Kwa Waislamu, amri hiyo haigusi nasaba wala mirathi ya Kiislamu. Anayetaka kumwachia mpwa kitu hutumia wosia, usiozidi theluthi.

Na kwa wanaotuandikia wakichanganya: mtoto wa kambo anaombewa grinikadi kwa fomu I-130 bila kuasiliwa, mradi ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18.

*Nina mjukuu wa miaka 5, mahakama ilinipa ulezi wake miaka mitatu iliyopita. Mama yake haonekani. Niendelee na ulezi au niasili?* (Bibi, Sacramento)

Ulezi unaisha mtoto akifika 18, na kabla ya hapo mama yake anaweza kuomba mahakama iufute. Kuasili ni kwa kudumu. Kwako kuna kifungu cha 1516.5 cha Sheria ya Mirathi na Ulezi: mlezi aliyekaa na mtoto miaka 2 anaweza kuomba haki za wazazi ziondolewe kwa kuwa kuasiliwa naye ndiko kunamfaa mtoto. Huhitaji kuthibitisha kwamba mama alimtelekeza, ila naye lazima apelekewe wito. Hati zako za ulezi zitunze, tarehe iliyomo ndiyo ushahidi wako. Kama mtoto alipitia mahakama ya watoto na unapokea fedha za kaunti, muulize afisa wake kuhusu AAP (Adoption Assistance Program, mpango wa msaada wa fedha kwa wanaoasili) kabla ya chochote: makubaliano ya AAP husainiwa kabla ya amri ya kuasili. Baadaye umechelewa.

*Kuna mtu anajaza fomu hizi kwa malipo. Ni halali?* (Msomaji, Los Angeles)

Asiye wakili anaruhusiwa akiwa amesajiliwa na kaunti kama msaidizi wa hati, mwenye dhamana ya dola 25,000. Anaandika unachomwambia, kukuchagulia fomu au kukushauri haruhusiwi. Muulize namba yake ya usajili na kaunti iliyomsajili kabla hujatoa pesa. Baba au mama mzazi akipinga, tafuta wakili.

Na siku amri inaposainiwa, nunua hapohapo nakala zilizothibitishwa za ADOPT-215, angalau tatu, maana mafaili ya kuasili hufungwa na kuzipata baadaye kuna mlolongo. Moja ya Social Security, moja ya pasipoti, moja ibaki kabatini.