Kabla hujampa nyigu jina, mtunze kiwavi ambaye nyigu huyo alitoka ndani yake

Ukikuta kiwavi kwenye mchicha amelegea, hali tena, na ubavuni pake kuna kitu cheupe mfano wa punje ndogo ya mchele, nakuomba usimfinye. Kile cheupe ni kifukofuko cha nyigu kimelea. Nyigu jike alimdunga kiwavi huyo angali mchanga, akataga yai ndani ya mwili wake. Buu likaanguliwa, likala humo humo, likatoboa ngozi likatoka, kisha likajisokotea hariri. Nyigu wenyewe ana milimita mbili au tatu tu na hana habari na mtu. Wakulima wengi wanamwona kila siku wakidhani ni mbu.

Nawafuga nyigu hawa kutoka kwenye matuta yangu hapa Muheza, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nimemkamata, sasa nitajuaje jina lake? Mimi nakurudisha nyuma kidogo: alitoka kwa nani?

Nasema hivyo kwa sababu mara ya kwanza niliweka viwavi wanane kwenye chupa moja. Baada ya wiki mbili nikawa na nyigu weusi, nyigu wadogo wa kijani wanaong'aa kama bati jipya, na inzi mmoja. Wale wa kijani walikuwa wengi, nikaandika kwamba ndio wanaoua viwavi wangu. Mtaalamu niliyempelekea aliniuliza swali moja tu, kila mmoja alitoka kwenye nini, nami sikuwa na jibu. Kazi ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Siku hizi ni chupa moja, kiwavi mmoja. Ndani naweka kipande cha tishu kunyonya unyevu na jani bichi ambalo nalibadilisha kila asubuhi, kwa sababu ukungu huua kuliko njaa. Mdomo naufunga kwa kitambaa laini na mpira. Usitumie chandarua cha kawaida. Matundu yake ni makubwa, nyigu hawa wanapita. Chupa inapewa namba, na namba hiyo inaingia daftarini pamoja na tarehe, mahali, mmea na picha ya kiwavi akiwa bado mzima. Hiyo picha ndiyo watu wengi wanaisahau, na kiwavi akishakauka hata mtaalamu anapata shida kumtambua.

Nilipofanya hivyo ndipo nikawaelewa wale wa kijani. Nyigu aliyesokota kifukofuko akitoka mwenyewe, hukata kifuniko safi cha mviringo nchani, kama mtu aliyefungua kopo. Kwenye chupa namba 9 kifuniko kilikuwa hakijaguswa. Pembeni kulikuwa na tundu limetafunwa ovyo, kingo zimechanika, na nyigu wa kijani anatembea juu ya kitambaa. Hakuwa muuaji wa kiwavi. Alikuwa amemla nyigu aliyemuua kiwavi, yaani kimelea wa kimelea, na mimi nilikuwa nimemwandika kama rafiki wa mkulima. Kwa hiyo kifukofuko kitupu usikitupe. Kihifadhi pamoja na nyigu wake na mabaki ya kiwavi.

Kukosea mwenyeji, yaani mdudu ambaye kimelea hukua ndani yake, kumewahi kugharimu bara zima muda. Miaka ya 1970 mdudu mweupe mwenye unga alivamia muhogo wa Kongo na Zaire, kisha akasambaa. Mwaka 1977 akapewa jina, Phenacoccus manihoti. Watafiti walikwenda kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakapata mdudu anayefanana naye kwenye muhogo, lakini nyigu waliotoka kwake hawakumfaa yule wa Afrika. Ilikuja kuonekana ni spishi nyingine kabisa. Mdudu mwenyewe alipatikana Paragwai mwaka 1981, na ndani yake akatoka nyigu Anagyrus lopezi, aliyeachiliwa Nigeria mwaka huo huo na baadaye akaokoa muhogo katika nchi nyingi.

Sasa tumtazame nyigu. Mweke kwenye friji dakika chache atulie, umpige picha kwa ubavu, kwa juu, usoni, na bawa la mbele likiwa limekunjuliwa, pembeni pana rula ya milimita. Bawa linasema mengi. Likiwa karibu halina mishipa na vipapasio vimepinda kama kiwiko, huenda ni jamaa wa wale wa kijani wangu. Likiwa na mishipa mingi, umefika kwenye familia mbili kubwa, Ichneumonidae na Braconidae, zinazotofautishwa hasa na mshipa mmoja mdogo ambao Braconidae hawana. Kisha hesabu pingili za kipapasio kwa hadubini. Zikiwa 18 kwenye Braconidae mdogo mnene aliyetoka kwa kiwavi, yaelekea uko kwenye Microgastrinae, kikundi kimoja ndani ya familia hiyo, na jenasi ya Cotesia, yaani kundi la spishi za karibu, imo humo.

Hapo ndipo nakushauri usimame. Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993 dhidi ya funza wa mabua ya mahindi, na Cotesia sesamiae, nyigu wa asili wa hapa kwetu, wanafanana mno ukiwatazama. Kinachowatenganisha vizuri ni viungo vya uzazi vya dume. Kwa hiyo hifadhi madume pia, hata kama jike na mwiba wake wa kutagia ndiye anayevutia. Lebo zangu nyingi zinasema "Cotesia sp.", yaani Cotesia ambaye spishi yake haijajulikana, na naziheshimu, jina la jenasi lililo sahihi lina faida kuliko jina kamili la kubahatisha.

Na usidhani wote wameshaandikwa. Cotesia icipe, anayeshambulia viwavi wa Spodoptera, jenasi ya nondo ambamo viwavijeshi wamo, kwenye mchicha huu huu tunaokula, alielezwa kama spishi mpya mwaka 2017 kwa sampuli zikiwemo za Kenya, na watafiti Fernández-Triana na Fiaboe. Baadaye alikutwa Ethiopia akiwaua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi kwa wingi. Spishi mpya ikielezwa, lazima sampuli moja itajwe kuwa ndiyo inayobeba jina, na isemwe imehifadhiwa wapi. Sampuli isiyo na mahali, tarehe wala mwenyeji haifai kubeba mzigo huo.

Wahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95, ndani ya friza kama unayo, ili DNA ibaki salama. Lebo iandike kwa penseli na uitumbukize ndani ya kichupa, maana wino wa kalamu unayeyuka. Kabla ya kutuma sampuli nje ya nchi, ulizia vibali kwanza, na usitume zote. Bakiza jike mmoja na dume mmoja.